Mnaokuja Alaska kuvua halibati na samoni: acheni kubeba samaki wasio wenu

Wakuu, nimetolewa kwenye kundi la WhatsApp la safari ya uvuvi kwa sababu niliuliza swali moja: kwa nini tumerudi bandarini na samaki ambao sheria haituruhusu kuwa nao? Nimeitwa msaliti, nimeitwa mnoko, na kuna mzee ninayemheshimu sana amenipigia simu kuniambia nimewavua nguo Waswahili mbele ya wenyeji. Huko kundini nilizimwa, basi nasema hapa. Jina la boti sitaandika, majina ya watu sitaandika. Waliokuwepo wanajijua.

Mimi ni mtu wa Kigoma, naishi Anchorage. Julai 2024 tuliondoka kwenda Homer, ule mji ulio mwisho wa barabara kusini mwa rasi ya Kenai, tukakodi boti yenye nahodha na baharia wake. Abiria sita. Wengine wakazi wa huku, wengine walipanda ndege kutoka majimbo ya mbali. Mwandaaji alikuwa amekusanya pesa tangu Machi akiahidi kila mtu ataondoka na boksi limejaa minofu. Najua gharama ya safari hii, najua mtu anaomba likizo, anakata tiketi, analipa boti, analipa leseni, halafu bahari inaweza kuchafuka siku hiyo hiyo. Hamu ya kurudi na samaki naielewa kabisa, na mimi ninayo.

Sasa kanuni. Kwa wasiomjua, halibati ni samaki bapa anayelala chini kabisa baharini, macho yote mawili yako upande mmoja wa kichwa, na jike mkubwa anapita mita mbili kwa urefu. Kwa eneo tulilovua, ukienda na boti ya nahodha wa kukodi, mwaka 2024 ruhusa ilikuwa halibati wawili kwa mtu kwa siku: mmoja wa saizi yoyote, wa pili asizidi inchi 28. Jumatano boti hizo hazikuruhusiwa kuchukua halibati kabisa. Nahodha alitusomea haya yote asubuhi kabla hatujafungua kamba, na rula ilikuwa imebandikwa ukutani karibu na usukani. Kwa hiyo hakuna mtu ndani ya boti ile anayeweza kusema hakujua.

Tulipofika kwenye maji ya kina, mawimbi yakaanza. Kaka mmoja na dada mmoja wakashikwa na kichefuchefu, wakaingia kibandani wakalala. Hawakugusa fimbo tena. Hapo nahodha akatangaza kwamba boti ina haki ya halibati kumi na wawili, kwa hiyo sisi wanne tulio wazima tuwavulie wagonjwa. Watu wakashangilia. Mwandaaji wetu akashangilia kuliko wote.

Boti haina haki ya samaki hata mmoja! Kanuni ya Alaska inasema samaki akishatolewa majini na asiporudishwa papo hapo, anahesabiwa kwenye kikomo cha yule aliyemnasa kwenye ndoana. Anayepumzika kibandani hajanasa kitu. Ukishachukua wawili wako, huchukui halibati mwingine siku hiyo, hata kama bado ni saa nne asubuhi na umelipia mpaka jioni. Na daftari la boti linajazwa kwa mtu mmoja mmoja, namba ya leseni yako na idadi ya halibati uliochukua. Maana yake ni kwamba dada yule aliyetapika mchana kutwa ameandikwa kwenye rekodi za serikali kuwa amevua halibati wawili. Hakuulizwa. Leseni yake imetumika kufunika samaki wa wanaume wenzetu, naye hata alikuwa hawezi kuinua kichwa.

Hilo peke yake lingenitosha kukasirika, lakini kulikuwa na baya zaidi.

Samaki wa pili, yule asiyetakiwa kuzidi inchi 28, watu walikuwa wanamweka kwanza kwenye sanduku la barafu kisha wanaendelea kuvua. Akipatikana mkubwa zaidi, yule wa kwanza anatupwa baharini. Ameshakufa. Nilimuona mmoja akielea tumbo juu, ndege wakimshukia. Na yule "mkubwa zaidi" mara nyingine alikuwa amezidi inchi 28 waziwazi, hata bila kupimwa. Nikamwambia mwandaaji, "Kaka, huyu hafai, mrudishe." Akanijibu, "Mdogo wangu, usituharibie siku."

Kinachoniuma ni kwamba halibati ni katika samaki rahisi kuwaachia wakiwa hai. Hana kibofu cha hewa kama samaki wengi wengine, kwa hiyo hata ukimtoa kina kirefu tumbo halipasuki. Ukitumia ndoana ya duara, ikamshika pembeni ya mdomo, ukamfungua pale pale ubavuni mwa boti bila kumtoboa kwa ndoano ya kuvutia, anashuka zake chini na maisha yanaendelea. Angekuwa samaki wa miambani ningeelewa shida, maana wale hupanda na macho yametoka na tumbo limefura, na ndiyo maana tangu 2020 kila boti ya uvuvi wa starehe Alaska inatakiwa kubeba kifaa cha kuwashusha tena kwenye kina chao. Kwa halibati huna sababu. Ukimuua kisha ukamtupa, umemuua kwa uchoyo.

Kisha baharia akaanza kuchana minofu tukiwa bado baharini. Halibati anaweza kukatwa botini, sawa, lakini vipande vibaki na ngozi yake, na yule mwenye kikomo cha urefu mfupa wake wote, kichwa mpaka mkia, lazima ubaki botini hadi minofu ishushwe, ili askari akija na rula apime. Yetu ilitupwa yote. Nilisimama pale nikaiona inaruka ukingoni mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyevua kihalali hana sababu ya kutupa mifupa. Na msiniambie baharia alikuwa mgeni wa kazi, mikono yake ilikuwa inakwenda haraka mno.

Njiani kurudi tukabahatika kupata samoni. Wa aina ya silva kadhaa, safi, hakuna tatizo. Halafu mmoja wetu akanasa kingi, yule samoni mkubwa kuliko wote. Kingi unapoamua kumchukua, unamwandika papo hapo kwenye leseni yako kwa wino, au kwenye programu ya simu, kabla hujafanya kitu kingine. Akaambiwa ataandika wakifika nchi kavu. Mpaka tunagawana minofu gatini hakuandika, na leo ameweka picha mtandaoni akiwa amemkumbatia.

Ndugu zangu, mnajua hali ya kingi mwaka 2024 ilikuwaje? Mto Kenai, ambao watu walikuwa wanatoka dunia nzima kuja kuvua kingi, ulifungwa kwa samaki huyo. Mto Yukon ndiyo usiseme. Aprili 2024 Alaska na Kanada walikubaliana kusimamisha uvuvi wa kingi wa Yukon kwa miaka saba, mzunguko mzima wa maisha ya samaki huyo. Kule kuna vijiji vya wenyeji wa asili ambao vibanda vyao vya kukaushia samaki viko wazi, na bibi aliyefundishwa na bibi yake kukata kingi hana wa kumkatia ili amfundishe mjukuu. Watu hao wameacha kuvua kingi. Sisi tuliokuja juzi kwa ndege tunaona uzito kutoa kalamu mfukoni.

Nimeshasikia majibu yenu. La kwanza ni kwamba meli kubwa za nyavu za kukokota zinaua halibati wengi kuliko sisi. Ni kweli zinaua, na wanatakiwa kuwatupa kwa kuwa hawana ruhusa ya kuwabakiza, na wavuvi wadogo wa huku wamelilalamikia jambo hilo miaka mingi. Ndiyo maana kuanzia 2024 meli kubwa za Bahari ya Bering kikomo chao cha halibati kinapanda na kushuka kulingana na wingi wa samaki. Wapigieni kelele, na mimi nitakuwa pamoja nanyi. Lakini samaki aliyekufa kwenye boti yetu aliuawa na sisi.

La pili ni kwamba bahari ni ya Mungu na samaki wapo tele. Nani aliyewahesabia? Marekani na Kanada zina tume yao ya halibati tangu 1923, na inakutana kila mwaka kukadiria kiasi kinachoweza kutolewa bila kumaliza mbegu. Tangu 2014 boti za kukodi na wavuvi wa biashara katika sehemu hii ya Alaska wanagawana fungu moja la mwaka. Boti za kukodi zikizidisha, mwaka unaofuata kanuni zinakazwa: inchi zinapunguzwa, siku zinafungwa. Hizo Jumatano mnazozilalamikia zimetokana na hesabu hizo. Na pale samaki wanapofichwa, hesabu yenyewe inakuwa ya uongo, watu wanadhani wametolewa wachache kumbe wengi. Atakayelipa ni yule nahodha mwingine, mwaminifu, anayerudi bandarini na abiria walionuna kwa kuwa aliwaambia mshipi utoke majini.

Hapa naomba niongee na watu wa kwetu, wa Kigoma na wa ng'ambo ya ziwa, Kongo na Burundi, maana ndani ya boti tulikuwemo. Wakati sisi tunacheza mchezo ule Homer, Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania lilikuwa limefungwa. Kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024, miezi mitatu, ili dagaa na migebuka wazaliane. Nina ndugu pale Kibirizi ambao mitumbwi yao ilikuwa imevutwa juu mwaloni. Hawavui kwa starehe, hawana friza ya kujaza, samaki ndiyo ada ya shule na ndiyo unga. Walinung'unika, wengine waliona wameonewa, na bado walikaa. Baba yangu mdogo alinipigia simu kuomba nimsaidie pesa ya chakula mpaka Agosti, na nilimtumia kwa moyo mmoja. Huyo ndiye mwenye haki ya kulalamika juu ya kikomo. Mtu mwenye kazi, gari na bima, aliyekuja kuvua wikiendi, anaambiwa wawili wanatosha na anahisi ameibiwa?

Halafu kuna hili la kuuza. Wiki iliyofuata nikaona tangazo kwenye kundi lingine: minofu ya halibati safi kutoka Alaska, bei kwa paundi, lipa kwa simu. Samaki wa leseni ya starehe hauzwi wala habadilishwi kwa kitu. Unakula, unamgawia jirani, unapeleka msibani, basi. Ukiuza, umekuwa mfanyabiashara asiye na kibali, na kesi yake ni nyingine kabisa.

Wengi wetu bado tuko kwenye karatasi za uhamiaji. Fomu ya kuomba uraia inauliza kama umewahi kukamatwa au kuandikiwa kosa. Mtu aliyekaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka, akahojiwa, akapimwa, akasubiri, akafika, leo anahatarisha yote hayo kwa minofu ya samaki wa tatu! Na nahodha aliyemwambia "vua tu" atasema hakumwona. Wapo pia wanaokata leseni ya mkazi kwa kuwa ni nafuu, wakati hata mwaka mmoja wa kuishi hapa hawajatimiza. Huo ni uongo ulioandikwa kwa mkono wako na kusainiwa.

Mzee aliyenipigia aliniambia mambo kama haya yanamalizwa ndani. Mzee wangu, nilijaribu ndani. Nilisema botini nikanyamazishwa, nikasema gatini wakanicheka, nikaandika kundini nikatolewa. Kwa hiyo nimepeleka maelezo kwa askari wa wanyamapori wa Alaska, pamoja na picha za gatini zinazoonyesha minofu na saa, na upande wa serikali kuu wanaosimamia halibati nao nimewaandikia. Nimetaja boti. Nimemtaja nahodha, kwa sababu yeye ndiye mwenye kibali, yeye ndiye alianza, na anafanya hivyo kwa abiria wa kila rangi ili apate sifa za kujaza maboksi. Wenzangu wakiitwa wataeleza wenyewe.

Yule dada aliyekuwa mgonjwa nimeongea naye. Hakujua kabisa leseni yake imetumika, na amelia. Minofu waliyompelekea nyumbani kama "fungu lake" ameikataa. Mnaodai nimeichafua jamii, mpigieni simu yeye kwanza, muombeni radhi.

Na wewe mwandaaji, najua unausoma uzi huu. Unakusanya pesa za safari ya Seward mwezi ujao kwa tangazo lile lile la maboksi yaliyojaa. Andika kikomo cha kila samaki kwenye tangazo kabla hujapokea pesa ya mtu, andika kwamba atakayeumwa habebewi samaki, na tafuta nahodha mwingine. Usipoandika wewe, nitaandika mimi chini ya kila tangazo lako, na makundi yote unayotangazia ninayajua.