Mzee anataka kuacha waragi na anaomba msamaha: kipi kitangulie?

Mwana_Arua: Habari za humu. Mzee ana miaka 61, kila siku anamaliza chupa mbili za waragi za mililita 200. Ametuita watoto wote wanne, kasema Jumatatu anaacha na anaomba tumsamehe. Wajomba wanataka kikao Jumapili, tupige magoti, yaishe. Wawili wetu wako tayari, wawili hawataki hata kumwona. Tuanze na lipi? Halafu duka la dawa wametaja kidonge cha kumtilia kwenye chai bila yeye kujua. Kinafaa?

Muuguzi_wa_zamu: Hiyo Jumatatu ifuteni kwanza. Mililita 400 za kileo cha asilimia 40 ni karibu gramu 126 za alkoholi tupu kwa siku. Mwili uliozoea hivyo haunyimwi ghafla. Mikono huanza kutetemeka masaa 6 hadi 12 baada ya tone la mwisho, degedege linaweza kumkamata ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne ndipo mtu huweweseka: jasho, homa, anaokota wadudu wasiokuwepo kwenye shuka. Majirani watasema mapepo, mtampeleka kuombewa, na huko huko anaweza kufa. Apelekwe hospitali ya rufaa ya mkoa yenye kitengo cha afya ya akili. Walio karibu na Kampala wana Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kabla ya hapo asiache peke yake nyumbani.

Mkifika, tajeni kiasi chenyewe, msikipunguze kwa aibu, maana dozi ya dayazepamu huangaliwa kwa hicho. Ulizeni pia vitamini B1. Mlevi wa muda mrefu huwa nayo kidogo sana, na dripu ya glukosi ikiingia bila hiyo ubongo unaweza kuumia kabisa.

Kidonge cha chai, bila shaka ni disulfiramu. Msithubutu. Akinywa waragi juu yake uso unawaka, anatapika, moyo unakimbia, presha inaanguka, na watu hufa hivyo. Athari yake hudumu hadi wiki mbili. Humezwa na mtu anayejua anachomeza, tena daktari akiwa amempima.

Mshauri_Gulu: Kuhusu magoti: mato oput, tambiko la upatanisho la Waacholi, ni ya damu iliyomwagika, si ya ulevi, ila utazame mpangilio wake. Mkosaji anakiri, fidia inazungumzwa, mzizi mchungu unanywewa kwenye kibuyu mwishoni. Wajomba zenu wanataka kuanzia kwenye kibuyu.

Akitoka hospitali, kikao kingojee mwezi na zaidi. Wiki za mwanzo usingizi na kumbukumbu havijatulia, analia ovyo, na anachoahidi leo kesho hakikumbuki. Kisha azungumze na mtoto mmoja mmoja, asubuhi, na mtoto aseme jambo moja linaloshikika: "Baba, mbuzi wa ada ya muhula wa pili uliwauza, nikakaa nyumbani." Ukisema "ulituharibia maisha" atajitetea tu, na mazungumzo yamekufa. Wasiotaka kumwona msiwaburute. Msamaha wa kusukumwa hugeuka matusi kwenye msiba wa kwanza.

Na kumsamehe si kumrudishia pesa. Ada iende akaunti ya shule, sukari na sabuni mnunue wenyewe, kwenye simu yake isitumwe hata shilingi. Akiteleza, rudini hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri kumkasirikia kwanza.

Dada_Koboko: Hakuna aliyeuliza: deni la kafunda, kile kibaa anakokunywa, analipa nani? Kama ni mama, mzee hajawahi kuonja gharama ya chupa. Mwende naye kwa mwenye kafunda, mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, awepo, mseme kuanzia leo familia hailipi. Bila hivyo atakopeshwa jioni ile ile anayotoka wodini.

Mwana_Arua: Ni mama. Elfu sita kila jioni, anasema ananunua amani. Kikao nimekiahirisha, wajomba wamenuna. Dada, je, mwenye kafunda akigoma na kuendelea kumkopesha?

Dada_Koboko: Akopeshe. Hasara yake.