Nimeanguka mkarafuu, picha safi lakini mkono bado unauma. Nirudi juu au nisubiri?

Mchumaji_Wete
Assalamu alaykum wanajamvi. Mie kijana wa Wete, msimu huu nachuma shamba la ami yangu. Siku 17 zilizopita mvua ilinyesha alfajiri, gome bado bichi, mie niko juu navuta tawi la nje kwa upembo (fimbo yenye ndoano) mguu ukateleza nikaja chini. Si juu sana, kimo cha mtu na nusu hivi, na kichwa alhamdulillahi hakikuguswa, ila nilitanguliza mkono wa kulia kiganja kikapiga chini. Siku ile ile nikenda hospitali nikapigwa picha, nikaambiwa hakuna kilichovunjika, nikapewa vidonge na bendeji ya kuvutika nikarudi nyumbani.

Uvimbe umeshuka, vidole vyote vinakunja. Lakini nikikaza kitu kwa dole gumba, hata kufungua chupa ya maji, maumivu yananipanda mpaka machozi yanatoka. Bibi kamwita mkandaji, kanikanda mara 2 kwa mafuta ya moto na usiku wake sikulala kabisa. Ami anasema picha safi basi mkono mzima, na karafuu hazisubiri, zikichanua ndo hasara. Nalipwa kwa pishi, nisipochuma sipati kitu na nyumbani wananitegemea. Kesho kutwa wananitaka nirudi juu. Nifanyeje?

bimkubwa_chake
Pole sana mwanangu. Usirudi juu. Kaka yangu alianguka mnazi ujanani akatanguliza mkono kama wewe, akauacha hivyo hivyo kwa kuwa vidole vinacheza, leo mtu mzima hawezi kukamua nguo wala kuzungusha ufunguo kwa mkono ule. Na bibi usimvunjie heshima, mwambie akuombee dua tu ila mkono usikandwe tena.

daktari_wa_zamu
Nimefanya kazi na wagonjwa wa mifupa Unguja miaka kadhaa, soma taratibu. Inua dole gumba juu kama unamwonesha mtu "poa". Chini yake, pale kwenye kifundo cha mkono, utaona kano mbili zimesimama na katikati yake kishimo. Bonyeza hicho kishimo kwa ncha ya kidole, kisha bonyeza na mkono wa kushoto ulinganishe. Kama wa kulia unakuruka kwa maumivu basi hesabu umevunjika mpaka picha nyengine iseme sivyo.

Mle ndani mna mfupa mdogo unaitwa skafoidi, umekaa kama kijidau. Katika mifupa midogo ya kifundo huu ndo unaovunjika zaidi mtu akianguka kwa kiganja, na ubaya wake ufa unaweza usionekane kwenye picha ya siku ya kwanza. Ndo maana mtu mwenye maumivu ya kishimo hufungwa banzi lenye kushika dole gumba halafu hurudia picha baada ya siku 10 mpaka 14. Wewe una 17, wakati wako ndo huu. Damu ya mfupa huu inaingilia upande wa vidole ikirudi nyuma, sasa ufa ukipita katikati kile kipande cha upande wa kiwiko kinakosa damu, kinachelewa kuunga au kinakufa kabisa. Kukanda kunautikisa tu. Na kama unavuta sigara iache, inachelewesha mfupa kuunga.

Nenda hospitali ya Chake au ya Abdalla Mzee Mkoani, na usiseme tu "mkono unauma", waoneshe kishimo kwa kidole na uwaambie ulianguka kwa kiganja siku ngapi zilizopita.

Jabali_na_kamba
Mie mtu wa Unguja niko Kenya, napanda majabali Hell's Gate kule Naivasha, na mkono uliovunjika hivyo hivyo nimeuona kwa mwenzetu. Naongeza kitu kimoja, jabalini tunafundishwa uzito uwe miguuni, mkono kazi yake kukuweka sawa, na hatuhamishi kiungo mpaka vitatu vimeshika imara. Wewe ulikuwa umenyoosha mkono mmoja, wa pili una upembo, na mguu uko kwenye gome bichi, ilibaki nini? Pete nazo vueni jamani, pete ikinasa kwenye kijiti na mwili ukashuka inachuna kidole ngozi yote, wallahi si kitu cha kuona.

kijana_kojani
Samahani naingilia, mie kidole cha pete kililia "tak" nikivuta kamba wiki iliyopita, kinakunja lakini kinauma chini karibu na kiganja

Jabali_na_kamba
@kijana_kojani hiyo kwetu majabalini ndo balaa kubwa la vidole. Kuna vijikanda vinashikilia kano isiachane na mfupa, kimoja kikikatika kinalia hivyo. Acha kuvuta kabisa, nenda ukaonwe, na kama ukikunja kidole unaona kano inainuka chini ya ngozi kama uzi wa upinde basi usichelewe hata siku. Wengi wanapona bila kupasuliwa lakini ni wiki 6 na kuendelea, si siku 3.

mzee_wa_shamba
Mchumaji, mpe ami yako asome uzi huu. Mie nina mikarafuu na siku ya mvua sipandishi mtu mpaka gome likauke, hata ikifika adhuhuri. Tawi la mkarafuu linavunjika bila kukwambia, na likilowa ndo baya zaidi. Ulizia pia ZSTC, lile shirika la serikali linalonunua karafuu, kama ajali yako inaingia kwenye fidia, beba karatasi zote za hospitali.

Mchumaji_Wete
Nimerudi wanajamvi. Nilibonyeza kile kishimo nikapiga ukelele mpaka bibi akaja mbio. Nimepigwa picha ya pili, mstari umeonekana katikati ya ule mfupa, vipande havijaachana. Nimefungwa plasta ngumu mpaka dole gumba, wameniambia si chini ya wiki 8, na vidole vikifa ganzi au vikigeuka rangi nirudi saa ile ile. Ami alikuja mwenyewe akaiona picha, akanyamaza kidogo, akasema nikae kwenye jamvi la kuchambulia karafuu. Sasa nachambua kwa mkono wa kushoto, makonyo (vile vijiti vya kishada) huku karafuu kule, polepole, na kanambia pishi nitakazochambua atanilipa.