Victoria: miaka saba ya zamu, likizo inapotelea kwenye orodha ya mwajiri

Wakuu mlioko Melbourne na kwingine jimbo la Victoria, Australia, hasa mnaohudumia watu wenye ulemavu, wakimbizi na watoto walio chini ya ulinzi wa serikali, tuongee huu upuuzi.

Mfuko wa likizo ya utumishi wa muda mrefu, ile inayohama na mfanyakazi, ulianza 1 Julai 2019. Mwajiri hutozwa asilimia 1.65 ya mshahara wako wa kawaida. Tozo ni yake. Akikukata wewe anakuibia. Hama kampuni hata nne, miaka inakufuata mradi unabaki kwenye sekta hii ya huduma za jamii. Ikitimia 7 una wiki 6.1 za kulipwa, hata kama unafanya kazi za kuitwa kwa simu. Anayelipwa dola 35 kwa saa, saa 30 kwa wiki, hiyo ni dola 6,405 kabla ya kodi. Hela ya tiketi ya kwenda kumwona mama na chenji ikabaki.

Sasa hasira yangu. Miaka hiyo anaiandika mwajiri, si wewe. Kila miezi mitatu anapeleka orodha, na akichapia, wa kuumia ni wewe. Huyu kakuandika Kalala Mwamba, yule Mwamba Kalala. Tarehe ya kuzaliwa 1 Januari, ile ambayo wengi waliopita kambini walibandikwa, haisaidii kukutofautisha na mwenzako. Unajikuta una namba mbili za usajili kwenye mfuko, moja ina miaka mitatu na nusu, nyingine hivyohivyo, na hakuna inayofika saba. Wengine hawakusajiliwa kabisa, na wanakuja kujua siku wanaomba likizo.

Halafu angalia mtego huu: sheria ya kazi inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu za mshahara miaka 7. Saba hiyohiyo! Siku unayofikisha haki yako ndiyo anaruhusiwa kutupa karatasi za mwanzo wako.

Kwa hiyo usimsubiri. Fungua akaunti yako kwenye tovuti ya mamlaka inayosimamia mfuko na uikague robo kwa robo: jina, tarehe ya kuzaliwa, siku ya kuanza, saa. Robo ikikosekana, peleka slipu za mshahara. Huna? Ingia myGov, ile tovuti ya huduma za serikali, upande wa kodi, utakuta mapato yako kwa kila mwajiri, mwaka kwa mwaka. Na usikae nje ya sekta miaka minne mfululizo, wanakufuta.

Wanaofanya kazi kwa ABN, yaani namba ya biashara ya anayejiajiri, kupitia zile app za wahudumu, msijidanganye: hakuna mwajiri, hakuna wa kulipa hiyo 1.65.

Na wahudumu wa wazee je? Kumwogesha kijana mwenye ulemavu kunahesabiwa. Kumwogesha bibi wa miaka 85 kwenye nyumba ya wazee, hapana, Victoria imewaacha nje. Mgongo unaouma ni uleule. Canberra, kule mji mkuu, waliwaingiza wahudumu wa wazee tangu 2016, kwa hiyo msituambie haiwezekani.

Mwenye namba mbili aliyefanikiwa kuziunganisha, aweke hapa alidaiwa karatasi gani na ilichukua muda gani.