Mwenye ubao wa vibati ndiye pia anaendesha pampu: inafaa?

Kiongozi_Zamu (Namanve, Uganda)
Wakuu, habari za kazi. Kikosi chetu cha zimamoto hapa kiwandani kina watu 8 kwa zamu. Tuna seti 4 za hewa ya kupumulia (mtungi wa mgongoni na barakoa), mitungi ya lita 6, presha ya bar 300. Ghala linalonipa wasiwasi ni la magodoro ya sponji, na kwa foleni ya Barabara ya Jinja sisi ndio tutakaofika kwanza, kabla ya polisi wa zimamoto. Ubao wa kuandika nani yuko ndani na hewa aliyo nayo upo, vibati vya majina vya kuacha hapo mtu akiingia vipo. Ila mwendesha pampu ndiye anaushika ubao, na wakubwa hawaoni tatizo. Pili: mtu aanze kutoka lini, filimbi ya mtungi (ya kuonya hewa inaisha) ikilia au kabla?

Afande_Pampu
Haifai, ndugu yangu. Mwenye pampu macho yake yako kwenye geji ya maji na injini inamziba masikio, redio haisikii. Moshi wa sponji una kaboni monoksaidi na sianidi ya hidrojeni. Anayevuliwa barakoa humo anaweza kuzirai baada ya pumzi chache, kwa hiyo dakika ulizopoteza ukipandisha presha ya maji huzirudishi.

Watu 8 wanatosha: wawili ndani, wawili mlangoni wamevaa seti tayari kuokoa, mmoja pampu, mmoja ubao, mmoja kamanda, mmoja haidranti (bomba la maji ya zimamoto) na kuelekeza polisi wakifika.

Kutoka ni kabla ya filimbi. Filimbi ni akiba ya dharura, nayo hulia karibu na bar 55. Kwenye ubao weka 60. Aliyeingia na bar 280 ana (280 − 60) × 6 = lita 1,320. Kwa kazi nzito kadiria lita 50 kwa dakika: dakika 26 hivi. Nusu ya njia ni bar 170, yaani dakika ya 13. Hapo wanageuka, hata kama moto umebaki kidogo.

Mama_Usalama
Afande, hesabu ni sahihi, ila isimpe mtu usingizi. Anayevuta hose ngazini anaweza kutumia lita 70, na zile dakika 26 zinakuwa chini ya 19. Kwa hiyo ubao uulize presha kwa redio kila dakika 5, na uandike ya mwenye hewa kidogo zaidi. Yeye akigeuka, wote wawili wanageuka. Mkiita mara mbili kimya, wale wa mlangoni wanaingia. Msingoje mara ya tatu.

Kosa linaloua kimyakimya ni mlango wa pili. Mtu anatokea nyuma, anakaa kivulini kunywa maji, kibati chake bado kiko ubaoni, na wenzake wanarudi motoni kumtafuta mtu aliye salama. Au mwenzake anamchukulia kibati, ubao unasema ametoka kumbe yuko ndani. Kila mtu achukue kibati chake kwa mkono wake, basi.

Kiongozi_Zamu
Nimewaelewa, asanteni. Na meneja akitaka kupita bila kibati?

Mkaguzi_wa_Zamani
Hapo maneno ya mdomo hayatoshi. Andika utaratibu wa kazi, meneja mwenyewe atie sahihi: mwenye ubao ana mamlaka ya kumzuia yeyote, kamanda na meneja wakiwemo. Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtwika mwajiri wajibu wa kumlinda mfanyakazi, na vifaa vya kujikinga anavitoa yeye bila kumkata mtu mshahara. Mkumbushe hilo kabla hajatia sahihi, maana mtu akifia ndani karatasi ya ubao itaombwa. Itunzeni baada ya kila zoezi na kila tukio.

Hata seti moja ikiharibika, mnabaki nje mnapiga maji kupitia mlangoni. Hakuna kuingia bila wawili wa kuokoa.

Kila mwanzo wa zamu: fungua mtungi, funga, tazama geji dakika moja. Ikishuka zaidi ya bar 10, seti inavuja, iondoeni kazini. Kisha achia hewa polepole msikie filimbi inalia kwenye bar ngapi. Na ndevu zinyolewe; barakoa haizibi juu ya ndevu, hewa inavuja na ile hesabu yote ya afande inaharibika.