Nimechimba sakafu ya chumba cha chini na kuvunja ukuta, sasa nyufa zimetokea. Nisaidieni

Mwana wa Tudor:
Assalam aleikum wakuu. Nyumba ya marehemu baba iko Tudor, Mombasa, kwenye mteremko wa kushukia baharini. Ukitokea barabarani unaona nyumba ya kawaida, lakini kwa nyuma chini yake kuna chumba kirefu ambacho upande mmoja umefukiwa na udongo hadi karibu na dari. Siku zote kilikuwa stoo. Mdogo wangu anaoa Desemba, nikasema nimtengenezee akae na mkewe.

Dari iko chini, mtu mrefu huinama, kwa hivyo mimi na binamu tukaanza kuchimba sakafu tushuke futi moja na nusu. Tukavunja na ukuta mfupi wa katikati, nikidhani ni wa kugawa chumba tu. Siku ya nne nikaona ufa kwenye slabu ya dari, sawasawa na pale ukuta ulipokuwa. Ukingo wa sarafu unaingia. Ukuta wa upande wa udongo una ufa wa kulala, umefanya tumbo kidogo, una unyevu na unga mweupe. Kwenye bimu moja zege limebanduka na nondo zimeliwa na kutu. Fundi mmoja ameniambia nipige plasta ya dawa ya kuzuia maji, yaishe. Roho yangu haijatulia.

Fundi wa Likoni:
Kaka, weka sururu chini. Ukuta ule ulikuwa umebeba, na slabu imeshakuambia. Kodi jeki za chuma za kuegemeza dari leo hii, uzipange pande zote mbili za pale ulipovunja. Chini ya kila jeki weka ubao mnene, juu pitisha mbao ndefu ili uzito ugawanyike. Kaza hadi zishike, basi. Ukitaka kuiinua slabu irudi ilipokuwa utaipasua zaidi. Na watu wasilale chumba cha juu yake mpaka paangaliwe.

Niambie, mlipochimba mmeufikia msingi?

Mwana wa Tudor:
Tumeufikia. Upande wa udongo tumeona jiwe la mwisho, na chini yake ni udongo mtupu.

Injinia wa Changamwe:
Basi hapo pananitia hofu kuliko dari. Msingi haushikwi na udongo wa chini yake peke yake; udongo wa kando nao unazuia ule wa chini usitoroke. Tena ukuta wako unasukumwa na mlima mzima. Sakafu uliyoiondoa ilikuwa inauzuia mguu wake usiteleze ndani, na ule ukuta mfupi huenda ulikuwa unauegemeza. Ufa wa kulala wenye tumbo maana yake udongo unashinda.

Rudisha udongo sasa hivi, tabaka za sentimita 15 hivi, ushindilie kwa mkono. Mashine ya kutetemesha usiilete. Kushusha sakafu kunawezekana, lakini msingi huongezwa kina kwa vipande vya kama mita moja, kwa kurukaruka: unachimba kimoja, unamwaga zege, likishika ndipo unahamia kingine. Hiyo si kazi ya kukisia. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi akuchoree, na michoro ipite kaunti, maana umegusa kuta zinazobeba.

Mama wa Kisauni:
Mwanangu, hiyo plasta ya dawa nimeipiga mara mbili. Masika ya kwanza ilipasuka, ya pili ikaanguka vipande vipande. Kumbe paa letu halikuwa na mifereji, maji yote yakimwagika nyuma ya ukuta.

Bandika karatasi ya nailoni ukutani, uizibe kingo zote kwa gundi, uiache siku moja. Ikilowa upande wa ukutani, maji yanaingia kutoka nje kupitia ukuta. Ikilowa upande wa chumbani, ni joto letu hili na hewa isiyotoka. Mimi nililazimika kuweka mifereji, na nyuma tukachimba mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu. Lakini wewe usichimbe nyuma ya ukuta huo kabla mhandisi hajafika.

Fundi wa Likoni:
Kuhusu nondo: kutu hufura, ndiyo maana zege linabanduka. Huku pwani hewa ina chumvi, na nyumba nyingine zilijengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa. Usiifunike kutu kwa plasta, itaendelea kula ndani. Zege bovu huchongwa, nondo zikasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka zing'ae, na mhandisi apime kama zilizobaki zinatosha.

Mwana wa Tudor:
Shukran sana. Udongo tumeurudisha hadi usiku wa manane, jeki sita ziko mahali pake. Kila ufa nimeutia alama ya penseli mwishoni na tarehe, nione kama unatembea. Mhandisi anakuja Jumatatu. Mdogo wangu nimemwambia apange nyumba kwingine kwanza, na amenielewa.

Nailoni imelowa upande wa ukutani, na mvua hatujaiona wiki mbili. Ndipo nikakumbuka shimo la maji machafu, liko hatua nne tu kutoka ukuta huo, upande wa juu wa mteremko. Nalo nimwonyeshe?

Injinia wa Changamwe:
Mwonyeshe hilo kabla hajaingia ndani. Na kuanzia leo punguzeni maji mnayomwaga humo.