Binti wa miaka 13 anataka klabu ya kulenga shabaha (Uingereza). Nimruhusu?

BabaZawadi_Leicester:
Wakuu, habari za majukumu. Binti yangu kaja na kipeperushi kutoka kwa rafiki yake wa shule. Klabu ya kijiji jirani ina siku ya wageni Jumamosi ijayo: unajaribu bunduki ya upepo mita 10, chai na keki bure. Mtoto hashikiki. Mama yake hataki hata kusikia, anasema hatukutoka Tanga kuja kumfundisha mtoto mambo ya mtutu. Mimi nipo katikati. Sheria za huku zikoje? Na kuna usalama kweli? Matusi pelekeni jukwaa la siasa.

MtotoWaPangani:
Netiboli imeisha huko?

ShabahaMoja:
Baba Zawadi, mimi ni mwanachama wa klabu huku Manchester. Kwa England, bunduki ya upepo yenye nguvu isiyozidi futi-pauni 12 (kipimo cha nguvu ya risasi inapotoka) haihitaji kibali. Aliye chini ya miaka 14 anapiga akisimamiwa na mtu wa miaka 21 au zaidi. Ila kununua ni mpaka 18, na hata wewe kumzawadia ni kosa, kwa hiyo usije ukamwahidi kitu birthday. Atatumia za klabu.

Usalama: mkifika, angalia watu wanapokwenda kubadilisha karatasi za shabaha. Bunduki zote zinakuwa chini, na kila mtutu umepitishwa uzi wa plastiki wa rangi kali, unachungulia mbele na nyuma. Hata aliye mwisho wa chumba anaona hamna risasi ndani. Ukikuta klabu watu wanazurura mbele huku mwingine kashika bunduki, mchukue mwanao mrudi nyumbani.

Ajiandae pia kuchoka. Mashindano ya mita 10 ni risasi 60, na sehemu ya katikati ya shabaha inayokupa pointi kumi ni nukta ya nusu milimita. Kazi kubwa ni kusimama tuli na kuvuta pumzi vizuri.

DadaMwanahawa:
Shemeji, mwambie mama Zawadi amtafute mtandaoni Amber Rutter, mlenga shabaha wa Uingereza. Alichukua medali ya fedha ya skeet (kupiga visahani vinavyorushwa hewani) Olimpiki ya Paris 2024, miezi michache tu baada ya kujifungua. Halafu aende naye hiyo Jumamosi, akae nyuma na chai yake. Anayebisha bila kuona habishani na bunduki, anabishana na anachokiona kwenye habari.

Glasgow_Mbongo:
Nyongeza: msichukulie Uingereza yote ni sheria moja. Huku Scotland tangu mwisho wa 2016 hata bunduki ya upepo inataka cheti cha polisi. Mkija likizo, msibebe kitu.

ShabahaMoja:
Kweli kabisa. Wageni huwa wanasaini fomu kwamba hawajakatazwa kisheria kugusa silaha (aliyefungwa miezi mitatu au zaidi ana kipindi chake cha kukatazwa). Usishtuke ukipewa, ni kawaida.

Halafu usidhani ukijiunga utasafiri kila wikiendi. Ligi nyingi ni za posta: mnapiga hapo hapo klabuni, kadi zinatumwa kwa msahihishaji, anapima matundu kwa kifaa maalumu. Ubishi wa pointi moja unaweza kuchukua jioni nzima, wazee wa kijiji wanaupenda kuliko keki.

MtotoWaPangani:
Haya, nimenyamaza. Lakini wasipomkaribisha vizuri mtoto wetu, urudi hapa useme.

BabaZawadi_Leicester:
Ahsanteni sana. Mama kakubali kwenda "kuangalia tu". Swali la mwisho: binti ni wa mashoto. Bunduki zao zitamfaa?

ShabahaMoja:
Wapigie simu kabla ya Jumamosi, klabu nyingi zina moja ya mashoto na huwa inagombaniwa. Ila kwanza mpime jicho. Anyooshe mikono, aunganishe viganja abakize kitundu, atazame saa ya ukutani humo kwa macho yote mawili, kisha afumbe moja moja. Jicho linalobaki na saa ndilo la kulengea. Likiwa la kulia, waambie mapema, kocha ataamua aanzie bega gani.