Nimeuziwa zinki naambiwa ni brasi tupu, sasa kosa limegeuzwa langu

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Mimi nakereza kalamu kwa mkono hapa Kigoma, mbao zangu ni mninga na mkurungu, huu mwaka wa nne. Juzi nikapata oda ya kalamu 12 za kuwaaga wazee wanaostaafu kazi za bandarini. Walitaka zifanane na Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika: vichwa vya ribiti, gia ndogo za saa mbovu, brasi iliyokula umri na kutoa ukijani. Vijana wanauita mtindo huo stimpanki, yaani mambo ya enzi za mashine za mvuke. Sisi tumekua tukiyaona hayo gatini.

Nikaagiza seti 12 za vifaa vya kalamu (ncha, klipu, pete, kofia na mirija ya ndani) kwa muuzaji mmoja wa Dar, 18,000 kila seti, jumla 216,000 bila nauli ya basi. Nilimuuliza mara tatu: ni brasi tupu? Akajibu brasi tupu. Nilimweleza mpaka sababu, kwamba nakwenda kuzichakaza, yaani kuzipa ule ukijani, kwa siki na chumvi, kwa hiyo nisipewe za kuchovya rangi juu tu.

Mzigo ulipofika nikapitisha sumaku. Klipu zilinasa, sawa, klipu inahitaji chuma chenye spiringi. Ncha, pete na kofia hazikunasa, nikaridhika. Hapo ndipo nilipopigwa, maana zinki nayo hainasi sumaku.

Nikafanya kazi yangu kama siku zote. Nikafuta vanishi kwa asetoni, nikaosha kwa sabuni, nikavaa glavu ili mafuta ya vidole yasiache alama. Nikazipitishia msasa laini kidogo, nikazining'iniza ndani ya ndoo yenye mfuniko, chini kuna kitambaa kilicholowa siki na chumvi. Brasi ni shaba na zinki zilizoyeyushwa pamoja, na ile shaba ndiyo inayotoa ukijani. Ukiridhika na rangi unasuuza, unakausha, unapaka nta ya nyuki. Ya Kibondo ndiyo naipenda, haiachi utando.

Asubuhi nafungua ndoo nakuta unga mweupe! Rangi ya dhahabu imebanduka kama ngozi iliyoungua, chini yake chuma cha kijivu chenye vishimo. Nikachukua pete ambayo sijaigusa, nikaikwangua kwa ndani: kijivu kitupu. Mirija peke yake ndiyo brasi, na mirija inafichwa ndani ya mbao, nani ataiona?

Nampigia, ananiambia, "Fundi, wewe ndiye umeziharibu, nani alikutuma utie siki?" Nilikutajia siki kabla sijatuma pesa! Meseji ninazo. Tangu hapo hapokei simu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kuchakaza si kupaka uchafu. Ni kuiharakisha brasi ifanye kile ambacho ingekifanya yenyewe kwa miaka, kwa hiyo lazima iwe brasi kweli. Wajerumani walipoizamisha Liemba wenyewe mwaka 1916 waliipaka mitambo yake grisi nene, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikarudi ziwani kufanya kazi. Ile ilikaa majini miaka. Pete za huyu bwana hazikumaliza usiku mmoja juu ya mvuke wa siki.

Mnaonunua vifaa hivi, msiamini sumaku peke yake. Kwangua sehemu ya ndani kwa ncha ya kisu kabla hujalipa. Ikitoka njano mpaka chini, chukua. Ikitoka kijivu, mrudishie hapohapo.

Nataka 216,000 yangu. Na kama kuna mdau wa hapa Kigoma, Ujiji au Mwanga, mwenye vipande vya bomba la brasi au fito za brasi, aniandikie pembeni leo hii, nitazikereza mwenyewe pete zote. Wazee wanaagwa Ijumaa, mezani nina kalamu tatu tu, nilizotengeneza kwa mabaki ya zamani.